Kubuni somo la roboti kwa wanafunzi wa uhandisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa na wahadhiri wenzangu, wakuu wa idara, mafundi sanifu wa maabara na wanafunzi wenyewe, kwenye korido, kwenye vikao vya mtaala, na mara nyingine usiku kwa simu. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayomkuta mtu akiwa ameshaanza kufundisha. Majibu yanahusu somo la muhula mmoja katika shahada ya kwanza ya uhandisi, kwenye chuo cha Dar es Salaam chenye vifaa vichache na wanafunzi wengi.

## Msingi wa somo

1. Somo la roboti linafundisha nini ambacho masomo mengine hayafundishi?

Linafundisha kupima. Mwanafunzi anayefika hapa ameshasoma mekanika, sakiti, matriksi na kuandika programu, na karibu kila swali alilowahi kupewa lilikuwa na jibu nyuma ya kitabu. Roboti haina majibu nyuma. Unaiambia iende mita 2, inakwenda mita 1 na sentimita 92 huku imekunja kushoto. Hapo ndipo uhandisi unapoanza: imekosea kiasi gani, inakosea vilevile kila mara au inabadilika, na kosa linatoka wapi.

Kwa hiyo lengo la somo naliandika kwa sentensi moja: mwisho wa muhula, kila mwanafunzi aweze kusema roboti yake inakosea kwa kiasi gani na kwa sababu gani. Kinematiki (hesabu ya mwendo na mikao), vihisi na udhibiti vinaingia kwa kuwa bila hivyo huwezi kujibu. Ukianza upande wa pili, yaani kuorodhesha sura za kitabu kisha kuzigawa kwa wiki, utapata wanafunzi wanaoandika matriksi za Denavit na Hartenberg, za kueleza mikao ya viungo vya roboti, bila kosa na ambao hawajawahi kuona kiungo kimoja kikizunguka.

2. Viwanda vyenye roboti hapa ni vichache. Tunawaandaa kwa kazi gani?

Swali hili huulizwa na wazazi, na ni haki yao. Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 kwenye kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani, ikiondoa vipande vya chuma cha moto kutoka kwenye mashine ya kalibu. Ukiichambua kazi ile utakuta mota, kihisi, programu na mtu anayejua kwa nini mashine imesimama. Vitu hivyohivyo viko kwenye kiwanda cha saruji cha Wazo, kwenye mikanda ya viwanda vya vinywaji, kwenye mashine za kufungasha zilizopangana kando ya Barabara ya Nyerere, na kwenye makreni ya bandari. Kijana anayeweza kutafuta kosa la roboti ndogo kwa utaratibu, anaweza kutafuta kosa la mkanda wa kiwanda.

3. Liwekwe mwaka gani?

Mwaka wa tatu, muhula wa kwanza. Hesabu na sakiti zimeshapita, na bado kuna muda wa wanafunzi kwenda mafunzo kwa vitendo wakiwa na kitu mkononi, kisha kuchagua mradi wa mwaka wa nne wakijua wanachokitaka. Nimeona likiwekwa mwaka wa nne muhula wa mwisho. Wanafunzi wanakuwa na akili yote kwenye mradi na somo linakuwa mzigo.

4. Saa zigawanywe vipi?

Krediti moja kwetu ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo somo la krediti 12 lina saa 120. Nagawa hivi kwa wiki 15: mihadhara saa 2 kwa wiki, maabara saa 3 kwa wiki, na saa 45 zinazobaki ni kazi ya mwanafunzi mwenyewe na kikundi chake. Maabara ya saa 3 isikatwe vipande viwili. Nusu saa ya kwanza huishia kutafuta waya uliolegea, na mwanafunzi akifukuzwa chumbani baada ya saa moja na nusu anaondoka bila kupima chochote.

5. Idhini ya mtaala inachukua muda. Nisubiri?

Usisubiri. Somo jipya lipeleke kwa njia ya kawaida, idarani, seneti, hadi Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na liendane na mapitio ya programu nzima. Wakati huo anza na mazoezi mawili au matatu ndani ya somo lililopo la udhibiti au la mekatroniki. Ukifika kwenye kikao ukiwa na roboti inayotembea na karatasi za vipimo za wanafunzi, mjadala unakuwa mwingine.

## Maudhui

6. Wiki ya kwanza nifundishe nini?

Roboti itembee. Mpe kila kundi chesesi (fremu ya roboti) iliyokwisha fungwa, magurudumu mawili yenye mota na programu fupi ya kwenda mbele kwa sekunde tatu. Waiweke sakafuni, waiwashe, wapime kwa futi kamba imefika wapi. Warudie mara kumi na waandike namba zote kumi. Hakuna hata kundi moja litakalopata namba kumi zinazofanana, na swali la "kwa nini?" litatoka kwao. Historia ya roboti na maana ya neno roboti viende wiki ya pili, kwa dakika ishirini.

7. Hesabu iwe kiasi gani?

Iwe nyingi, ila kila kipande kije siku kinapohitajika. Trigonometria na matriksi za mzunguko zinatosha hadi wiki ya tano. Kinematiki ya mkono wa viungo viwili ije baadaye, kwa sababu inaweza kuchorwa ubaoni kwa kamba na chaki, na mwanafunzi anaona kwa macho kwamba nukta moja inafikiwa kwa mikao miwili, kiwiko juu au kiwiko chini. Akishaliona hilo, mlinganyo wenye majibu mawili haumtishi. Utaratibu wa Denavit na Hartenberg wa mwaka 1955 ufundishwe kwa saa mbili tu, kama njia ya kuweka kumbukumbu sawa pale viungo vinapokuwa vingi.

Kichujio cha Kalman, cha mwaka 1960, nakifundisha kwa mfano wa namba moja tu: roboti kwenye mstari mnyoofu, hesabu ya magurudumu inasema iko hapa, kihisi kinasema iko pale, na tunauliza tumwamini nani kwa kiasi gani. Mwanafunzi aliyepima makosa ya vyote viwili ana jibu tayari kwenye daftari lake.

8. Kama ningeweza kufanya zoezi moja tu, liwe lipi?

Mraba. Piga mstari wa chaki sakafuni, mita 2 kwa mita 2, roboti izunguke na kurudi ilipoanzia, mara tano kwa mwendo wa saa na mara tano kinyume chake. Kila inaposimama, mwanafunzi anaweka alama ya chaki na kupima umbali kutoka mwanzo. Msingi wa zoezi hili ni kazi ya Borenstein na Feng wa Chuo Kikuu cha Michigan, miaka ya 1990. Wao walitumia mraba wa mita 4, sisi vyumba vyetu haviruhusu.

Nieleze linavyokwenda, maana hapa ndipo somo lote lilipo. Tairi zetu za manjano zina kipenyo cha milimita 65, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milimita 204. Diski ya enkoda, kihisi kinachohesabu mzunguko wa tairi, ina matundu 20. Kila tundu, basi, ni milimita 10.2 za safari. Kati ya tairi na tairi kuna milimita 140. Ili roboti igeuke nyuzi 90 palepale, kila tairi linatakiwa kwenda milimita 110, sawa na matundu 10.8. Matundu 10.8 hayapo. Ukihesabu 10, imegeuka nyuzi 83 na nusu. Ukihesabu 11, imegeuka karibu nyuzi 92. Kona nne za matundu 11 zinazidisha karibu nyuzi 8, na roboti inamaliza mraba ikiwa inatazama pembeni.

Namkumbuka binti mmoja aliyepiga magoti kwenye vigae na chaki mkononi, kundi lake limeshakata tamaa. Walikuwa wamebadilisha programu mara sita. Akahesabu kwa kidole matundu ya diski, akaandika sakafuni 10.8, akanyamaza. Kisha akasema, "Mwalimu, programu haina kosa. Roboti haioni nyuzi 90." Hakuna mhadhara wangu uliowahi kufikisha maana ya usahihi wa kihisi namna ile. Wiki iliyofuata kundi lake lilikuwa linahesabu mwanzo na mwisho wa kila tundu, wakapata alama 40 kwa mzunguko badala ya 20.

Sababu ya kwenda pande zote mbili ni hii: kuna makosa mawili yanayoweza kufutana. Tairi moja likiwa kubwa kidogo kuliko jingine, na umbali kati ya tairi ukiwa umeandikwa vibaya kwenye programu, upande mmoja roboti inaweza kurudi vizuri kabisa na kundi likashangilia. Ukiigeuza, inapotea. Tofauti ya asilimia 1 kati ya tairi mbili, pungufu ya milimita moja, inaigeuza roboti nyuzi 8 katika mita 2 na kuisogeza pembeni sentimita 14.

9. Vihisi vipi vinatosha?

Vitatu: enkoda, kihisi cha HC-SR04 kinachopima umbali kwa sauti, na vihisi vya mwanga wa infraredi vya kufuata mstari. Kila kimoja kina kosa lake linaloonekana hapahapa Dar. Programu nyingi za HC-SR04 zinazosambaa zimeandikiwa mwendo wa sauti wa mita 343 kwa sekunde, ambao ni wa nyuzijoto 20. Maabara yenye feni moja, saa nane mchana, ina nyuzijoto 32, na sauti inakwenda karibu mita 351 kwa sekunde. Ukuta ulio mita 2 unasomeka umesogea karibu kwa zaidi ya sentimita 4. Waache wanafunzi wapime asubuhi na mchana, walione wenyewe.

Vihisi vya infraredi navyo husumbuliwa na jua la dirishani. Roboti iliyofuata mstari vizuri asubuhi inapotea mchana, na kundi linaanza kubadilisha programu ambayo haina kosa. Kabla ya kitu kingine chochote, wafundishe kuandika saa na mahali pa kila kipimo.

10. PID (njia ya udhibiti inayosahihisha kosa kwa sehemu tatu) ifundishwe kwa kina gani?

Kwa kiasi cha kurekebisha mwendo wa mota moja na kueleza kila sehemu imefanya nini kwenye grafu. Nadharia ya uthabiti wameshaisoma kwenye somo la udhibiti, warejeshe huko.

11. ROS ianze lini?

Mwaka wa nne, au kwenye kundi dogo la hiari. ROS (Robot Operating System), mkusanyiko wa programu za kujengea roboti, ilianza kujengwa mwaka 2007 na leo ndiyo inayotumiwa kwa kawaida na watafiti wa roboti, kwa hiyo hatuikwepi. Lakini mwanafunzi anayeanza nayo anatumia muda wote kusakinisha vifurushi, hapimi kitu. Ukiamua kuiingiza, tumia toleo la muda mrefu: ROS 2 Jazzy, lililotoka Mei 2024 kwa ajili ya Ubuntu 24.04, lina msaada hadi Mei 2029. Pakua kila kitu mwenyewe, uweke kwenye diski, uwagawie. Usimwambie mwanafunzi apakue gigabaiti kadhaa kwa bando lake.

12. Simulesheni inaweza kuchukua nafasi ya maabara?

Haiwezi, kwa sababu iliyoonekana kwenye swali la 8: ndani ya kompyuta tairi mbili zinalingana. Inafaa kwa vitu tusivyokuwa navyo, kama mkono wa viungo sita. Webots, programu ya simulesheni ambayo ni bure na wazi tangu 2018, nimeiona ikikimbia vizuri zaidi kwenye laptopu za kawaida za wanafunzi kuliko Gazebo, programu nyingine ya aina hiyo.

## Vifaa

13. Tuanze na bodi ipi, Arduino Uno au ESP32?

Bodi hizi ni kompyuta ndogo zinazoendesha roboti. Arduino Uno kwa wiki nne za kwanza, ESP32 baada ya hapo. Uno inatumia volti 5 na inavumilia makosa ya wanaoanza, ila ina kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi. ESP32 ina Wi-Fi, kwa hiyo roboti inatuma vipimo kwenye laptopu huku inatembea, jambo ambalo kwa somo la kupima ni kubwa. Tahadhari moja: ESP32 ni ya volti 3.3, na HC-SR04 inarudisha volti 5. Weka resista mbili, ya kilo-ohmu 1 na ya kilo-ohmu 2, volti ishuke hadi 3.3. Zoezi hili lifanyike kwa multimita kabla waya haujagusa bodi.

14. Vifaa vinapatikana Kariakoo, au ni lazima kuagiza nje?

Sehemu kubwa inapatikana Kariakoo na kwa wauzaji wa mtandaoni walioko hapahapa mjini: bodi, mota za manjano, L298N (bodi ya kuendeshea mota), vihisi vya kawaida, waya, betri. Kuagiza nje kunafaa kwa vitu vya pekee, na uagize mwezi mmoja au miwili kabla ya muhula.

Nenda dukani na fundi sanifu wa maabara, usiende peke yako na orodha. Yeye anajua kumwambia muuzaji, "Kaka, naomba tujaribu kwanza," na muuzaji mzuri anatoa waya na betri mnajaribu palepale kauntani. Nunua mota ishirini za boksi moja, kwa sababu za maboksi tofauti zinafanana rangi tu. Kisha zipime zote mkirudi, mzunguko kwa dakika kwa volti ileile, na uziandike namba kwa kalamu ya rangi. Tofauti utakazoziona ni zoezi la wiki nzima.

Chesesi usiagize. Mafundi wa Gerezani wanakata na kukunja bati au aluminiamu kwa mchoro ulioandikwa vipimo vyake vizuri, na plaiwudi ya milimita 6 inafaa kabisa. Mpeleke mwanafunzi akae na fundi, achore tena pale anapoambiwa, "Hapa mkono wa bisibisi hauingii." Huo nao ni mhadhara.

15. Betri zinatutesa. Tufanyeje?

Zinatesa kila mtu, na mara nyingi ndizo chanzo cha lawama zinazotupiwa programu. Tunatumia seli za lithiamu za 18650, mbili mfululizo: volti 7.4 kwa kawaida, 8.4 zikijaa. Kuna mambo manne ya kufanya bila kujadiliana.

Kwanza, usiamini maandishi. Seli bora za aina hii huwa karibu mAh 3,500, kwa hiyo iliyoandikwa 9,900 imeandikwa uongo. Ipime uzito: seli halisi ina gramu 45 hivi, na nyepesi sana ina kitu kingine ndani. Pili, usiruhusu seli ishuke chini ya volti 3. Tatu, kila roboti iwe na fyuzi na swichi. Lithiamu ikipigwa shoti huwaka moto, na maabara yenye madawati ya mbao na wanafunzi sitini si mahali pa kujifunzia hilo. Nne, kuchaji kufanyike mezani kwa fundi sanifu, mtu akiwepo, ndoo ya mchanga pembeni. Bwenini hapana.

Kuhusu bodi inayojizima kila roboti inapoanza kutembea: mota inavuta mkondo mkubwa inapoanza, volti inashuka, bodi inajiwasha upya. Ipe bodi chanzo chake cha umeme, lakini waya za hasi zote ziunganishwe pamoja. Na kumbuka L298N inakula karibu volti 2 njiani. TB6612FNG, ya kazi ileile, inakula kidogo sana, na ukiweza kuipata ichukue.

16. Printa ya 3D ni lazima?

Si lazima (tazama swali la 14). Kama mnayo, wafundishe mipaka yake. Plastiki ya PLA huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hivi, na ndani ya gari lililoegeshwa juani mchana joto hilo halipo mbali. Tumewahi kufika kwenye maonyesho na chesesi iliyopinda kama samaki mkavu, na hatukuichapisha tena ya namna ile.

17. Nina wanafunzi 120 na roboti kumi. Nitafanyaje?

Makundi ya wanne, vipindi vitatu vya maabara kwa wiki, kila kipindi makundi kumi. Roboti ni mali ya idara, hazibebwi nyumbani, na mwanafunzi asilazimike kununua kifaa kwa fedha ya bumu, ambayo ni ya chakula na chumba. Kumi zilizo nzima zinahitaji spea za angalau tatu: mota, bodi, waya, tairi. Idara nyingi hununua kumi na hazibakizi chochote cha spea, na kufikia wiki ya sita zimebaki saba.

## Wanafunzi, lugha na alama

18. Tufundishe kwa Kiingereza au Kiswahili?

Mtihani ni wa Kiingereza na ripoti pia, na hilo haliko mikononi mwetu. Maabarani mimi naongea Kiswahili. Nimelinganisha mara nyingi: nikiuliza kwa Kiingereza kwa nini roboti imeyumba, napata sentensi ya kwenye desa. Nikiuliza kwa Kiswahili, mwanafunzi anainama, anashika tairi, anasema, "Hili linacheza kwenye ekseli." Kufikiri kumetokea. Akishalielewa, kuliandika kwa Kiingereza ni kazi ya dakika kumi, na hapo tunakaa pamoja kutafuta maneno.

19. Alama zikiwa 40 za muhula na 60 za mtihani, vitendo vinapata nafasi gani?

Mgawanyo huo ndio wa kawaida na unaweza kufanya nao kazi. Katika zile 40, mimi natoa 10 kwa daftari la vipimo, 15 kwa mraba (swali la 8) pamoja na maelezo yake, na 15 kwa mradi wa mwisho. Katika mtihani wa mwisho, swali moja lazima liwe na jedwali la vipimo halisi vya makundi ya mwaka huo, na mwanafunzi aeleze chanzo cha kosa. Swali hilo halikaririki.

Roboti iliyokosea na kuelezwa vizuri inapata alama zaidi ya iliyofaulu bila maelezo. Hilo litangaze wiki ya kwanza na ulirudie, kwa sababu hawataliamini hadi waone alama za kwanza.

20. Wanadesa ripoti, na sasa kuna akili unde. Tuzuie?

Kuzuia haiwezekani. Badilisha unachokiuliza. Namba za daftari zimeandikwa kwa kalamu maabarani na kusainiwa na fundi sanifu siku hiyohiyo, na za kundi hili haziwezi kufanana na za kundi lile. Halafu kuna dakika tano za maswali mbele ya roboti: nachomoa waya mmoja na kumwomba mwanafunzi mmoja, ninayemchagua mimi, aniambie nini kitatokea nikiwasha. Programu aliandikiwa na akili unde? Sawa, anieleze mstari wa kumi na mbili unafanya nini.

21. Kwenye makundi, kwa nini wasichana huishia kuandika ripoti?

Kwa sababu tunawaachia wajigawe wenyewe, na mwenye mwandiko mzuri au mwenye upole anapewa kalamu. Weka majukumu manne, waya, programu, vipimo na ripoti, na yazunguke kila wiki kwa jedwali lililobandikwa ukutani. Sikulifanya hili miaka ya mwanzo, na kuna wahitimu wa kike ambao walipita somo langu bila kushika kifaa cha kuchomelea risasi. Naumia nikikumbuka.

22. Mwanafunzi asiye na laptopu?

Idara iwe na kompyuta tatu au nne za kudumu maabarani, zenye programu zote, na funguo apewe fundi sanifu hadi saa mbili usiku. Usiliulize darasani nani hana.

## Mambo yasiyo ya kila siku

23. Umeme ukikatika siku ya maonyesho?

Roboti zinatumia betri, zinaendelea. Kinachokwama ni laptopu na mwanga, kwa hiyo panga maonyesho asubuhi, kwenye chumba chenye madirisha, na laptopu zije zimejaa chaji. Ila kumbuka jua la dirishani na vihisi vya infraredi (swali la 9).

24. Roboti ya kundi ikiungua dakika za mwisho?

Kundi lipewe alama kwa daftari na kwa uchunguzi. Wapate saa ishirini na nne waandike ukurasa mmoja: kipi kiliungua, kwa nini, wangeliona wapi mapema. Kundi lililofanya hivyo kwa ukweli nimewahi kulipa alama za juu darasani. Gharama ya kifaa isiwaangukie wanafunzi, isipokuwa wamekiuka sheria za betri zilizo kwenye swali la 15.

25. Tumepewa msaada wa mkono wa roboti wa kiwandani. Tuujengee somo?

Uliza kwanza maswali matatu: kidhibiti chake kipo, leseni ya programu yake inaisha lini, na umeme wake ni wa fezi ngapi. Nimeona mkono mzuri umekaa miaka mingi chini ya turubai kwa sababu kidhibiti hakikuja nao. Kama vyote vipo, jenga uzio na kitufe cha dharura kabla ya mwanafunzi kuingia, na uutumie kwa mazoezi mawili ya mwisho wa muhula. Somo lenyewe libaki kwenye roboti ndogo, ambazo wanafunzi wanaweza kuzifungua na kuziharibu.

26. Na droni?

Zinavutia, na mji huu una sababu: picha za droni zilitumika kwenye mradi wa Ramani Huria, ambako wanafunzi wa vyuo vya hapa walishiriki kuchora ramani za maeneo yanayofurika kama Tandale. Lakini kurusha kunahitaji kibali, na mamlaka ya kuanzia ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kwa shahada ya kwanza, ifunge droni ndogo kwenye fremu izunguke kwenye mhimili mmoja tu, mkiwa ndani. Udhibiti unaonekana wote, na hakuna panga linalozunguka usawa wa macho ya mtu.

27. Waliotoka diploma wanajua vitendo kuliko wenzao. Niwape kazi tofauti?

Hapana, wagawe kwenye makundi tofauti. Mikono yao ni hazina ya darasa zima. Ila wasiruhusiwe kushika waya wiki mbili mfululizo. Jedwali la swali la 21 linawahusu zaidi kuliko mtu yeyote, kwa sababu wao ndio huachiwa kazi yote ya kufunga na kukosa zamu yao ya hesabu.

28. Roboti za mwaka uliopita tuzifanyeje?

Msizivunje zote. Bakiza mbili kama zilivyo, pamoja na madaftari yake, na wiki ya pili wape wanafunzi wapya: wapime upya mraba uleule, walinganishe namba zao na zilizoandikwa mwaka jana. Tairi zimelika, giaboksi imelegea, namba zimebadilika. Waulize ni kipi kimebadilika zaidi, na uwaachie saa zote tatu.